Programu moja, lahaja 212: shajara ya kizalishi cha vilula vya maji

Jumatatu, 3 Machi 2025

Asubuhi mwenyekiti wa kamati ya maji amepiga simu kutoka kijijini, wilaya ya Mvomero. Anataka tumpelekee ripoti ya kilula cha pili, yaani kituo cha kuchotea maji, ya miezi miwili, iliyopigwa muhuri. Mita ya mitambo iliyoko kwenye bomba linaloleta maji kilulani inasoma mengi, kifaa chetu kinachohesabu maji yanayouzwa kinasoma machache. Kamati ilimtuma kijana aisome ile mita ya bomba kila saa kwa siku nne, akiandika kwenye daftari. Mchana hesabu mbili zinakubaliana. Asubuhi na jioni, foleni ya ndoo ikiwa ndefu, zinaachana vibaya sana. Wameshaamua kwamba mama anayehudumia pale anauza maji nje ya kifaa, na posho yake ya Februari imezuiwa.

Nikamwuliza kama kuna aliyemwona akichepusha bomba.

"Hatujamwona sisi, mhandisi. Mashine yenu imemwona."

Nimeomba anitumie picha za kurasa za daftari. Kazi nyingine zote za leo nimeziweka kando.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata saa tano usiku. Kosa ni letu.

Kihisi cha mtiririko tunachotumia ni YF-S201, kinachotoa mapigo 450 kwa kila lita. Ndoo ya lita 20 ni mapigo 9,000. Bodi ya kilula kile ni ya zamani, chipu yake ni ATmega328P ya biti 8, na kompaila ya chipu hiyo (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu) huipa `int`, namba kamili ya kawaida, biti 16 tu. Kihesabu cha biti 16 kisicho na alama ya hasi hufika 65,535 kisha hurudi sifuri. Ndoo saba ni mapigo 63,000, zinaingia zote. Ndoo ya nane inavuka mpaka, na kifaa kinabaki kimeshika mapigo 6,464. Watu wamechota ndoo nane, ripoti inasema lita 14.

Kifaa hutuma hesabu kila saa, kisha huanza upya. Mchana zinachotwa ndoo tano au sita kwa saa na hesabu inatoka sahihi kabisa. Alfajiri, na sasa Ramadhani saa ya kuandaa futari, zinapita hata thelathini. Lita 600 zinaandikwa 17.

Ushahidi umo kwenye daftari la yule kijana. Upungufu wa saa moja ulikuwa lita 582, saa nyingine 291, nyingine 437, nyingine 146. Ukigawanya kila moja kwa 145.6, ambayo ndiyo lita zinazojaza kihesabu kile, unapata 4, 2, 3 na 1, ikipungua au kuzidi nukta chache. Hakuna mtu anayeiba maji kwa mafungu ya lita 145.6.

Nilimpigia mwenyekiti usiku huohuo. "Mwenyekiti, samahani kwa kukuamsha. Mama hana kosa. Naomba mumlipe posho yake, kosa liko kwenye kifaa chetu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Andika barua, uweke hesabu hizo. Nitaisoma mbele ya kamati, na yeye akiwepo." Barua imeondoka na basi la asubuhi.

Jumatano, 5 Machi

Leo jambo lililoniuma zaidi ya kosa lenyewe. Kosa hili lilikwisha kurekebishwa. Mwenzangu anayeshughulika na saketi aliliona Julai mwaka jana kwenye kituo kimoja cha Kilosa, akabadilisha kihesabu kuwa `uint32_t`, yaani cha biti 32, akaandika na maelezo mafupi pembeni. Lakini alirekebisha folda ya Kilosa. Ya Mvomero ilikuwa folda nyingine, nakala iliyokatwa mwezi mmoja kabla.

Tuna vituo 11 na folda 11. Majina yake yanasimulia historia yote: `kilula_mpya`, `kilula_mpya2`, `kilula_mpya2_LCD`, `kilosa_sahihi`. Kila mteja alipokuja na hitaji lake, tulinakili folda iliyokaribia kufanana, tukabadilisha panapohitajika, tukapakia kwenye chipu na kwenda. Siku ya kwanza ni njia ya haraka kuliko zote. Siku ya mia tatu ndiyo hii ya leo.

Watatu tumekaa na kukubaliana: hakuna kituo kipya hadi tuwe na chanzo kimoja cha msimbo, na programu ya kila kituo izalishwe na mashine kutoka kwenye orodha ya sifa zake. Shajara hii ni ya kazi hiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku tatu za kulinganisha folda mstari kwa mstari. Tumepata sehemu 61 zinazotofautiana. Zenye sababu ya kweli ni 23: huku kuna skrini, kule hakuna, huku data inakwenda kwa laini ya simu, kule kwa LoRa, redio ya masafa marefu. Sehemu 38 hazina sababu yoyote. Ni marekebisho yaliyofika folda tatu na kuishia hapo, majina yaliyobadilishwa, kusubiri milisekunde 200 huku na 250 kule bila yeyote kati yetu kukumbuka kwa nini.

Hata lile rekebisho la Kilosa lina tundu. Chipu ya biti 8 husoma namba ya biti 32 kwa vipande vinne. Pigo la kihisi likiingia katikati ya usomaji, katizo (chipu kuacha kazi yake ghafla ili kuhudumia pigo) hubadilisha namba wakati nusu yake imeshasomwa, unapata kichwa cha namba ya zamani na mkia wa mpya. Inabidi makatizo yafungwe kwa muda mfupi wakati wa kusoma. Kwenye STM32F103, ambayo ni ya biti 32, usomaji ni wa hatua moja na kufunga hakuhitajiki. Tofauti ya namna hii ndiyo inayostahili kuwepo, na inastahili kuandikwa mahali pamoja panapojulikana.

Jina. Kuziita programu hizi "matoleo" kunachanganya, maana toleo ni la jana na la leo. Hizi zinaishi pamoja wakati mmoja, kila moja kwa mahali pake. Kijana wetu wa majaribio, ambaye ni mzaliwa wa Lamu, amependekeza "lahaja". Kiamu, Kimvita na Kiunguja ni lugha moja iliyokaa sehemu mbalimbali, na hakuna anayeviita matoleo ya Kiswahili. Tumelichukua.

Alhamisi, 13 Machi

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko sisi watatu. David Parnas aliandika juu ya familia za programu mwaka 1976: zichunguzeni kwanza kwa yale zinayoshirikiana, kisha ndipo muangalie zinapoachana. Mwaka 1990 kundi la Kyo Kang, katika taasisi ya uhandisi wa programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, lilitoa namna ya kuzichora tofauti hizo kama mti wa sifa: zipi lazima, zipi hiari, zipi huchaguliwa moja kati ya kadhaa. Na kiini cha mfumo endeshi wa Linux kinaishi kwa njia hiyo kila siku. Lugha yake ya usanidi, Kconfig, ina machaguo zaidi ya 10,000.

Tulifikiria kuhamia Zephyr, mfumo endeshi wa vifaa vidogo unaotumia Kconfig hiyohiyo. Haina msaada kwa chipu za AVR, familia ya ATmega yetu, na bodi zetu sita ziko kwenye AVR zikifanya kazi vijijini. Hatuwezi kuwaambia watu wanunue bodi mpya ili sisi tupate raha ya kuandika msimbo. Tumechukua mawazo, si mfumo.

Mti wetu ni huu. Chipu: ATmega au STM32. Mawasiliano: laini ya simu, LoRa, au hakuna. Malipo: kadi ya kugusisha, vitufe vya mhudumu, au hakuna. Pampu: ya jua, ya gridi, au hakuna kwa maji ya mserereko. Kisha sifa nne za ndiyo au hapana: skrini, kihisi cha tangi, saa yenye betri yake, na kadi ya kumbukumbu. Ukizidisha zote unapata michanganyiko 864.

Mingi haina maana, na hapo ndipo masharti yanapoingia. Vitufe bila skrini havina kazi, mhudumu ataona nini? Pampu lazima iende na kihisi cha tangi, la sivyo maji yatafurika usiku. Kituo kisicho na mawasiliano lazima kiwe na kadi ya kumbukumbu. Kadi ya kumbukumbu lazima iende na saa, maana rekodi isiyo na wakati haimsaidii mtu. Na ATmega haibebi kadi ya kumbukumbu: kusoma kipande kimoja cha kadi kunataka baiti 512, na chipu nzima ina RAM ya baiti 2,048.

Baada ya masharti zimebaki 220. Nilihesabu kwa mkono kwenye karatasi na kwa skripti ya Python, nikafurahi majibu yalipolingana. Kwa michanganyiko 864 unaweza kuipitia yote mmojammoja. Ingekuwa sifa 33 za ndiyo au hapana zisizo na masharti, michanganyiko ingekuwa 8,589,934,592, zaidi ya idadi ya watu duniani, na huko lazima kazi ya kutafuta uiachie programu ya kutatua masharti ya kimantiki.

Jumatano, 19 Machi

Kizalishi kimeanza kutembea. Kila kituo kina faili moja fupi la YAML, maandishi ya kawaida ya mistari kumi hivi, linalotaja sifa zake tu. Kizalishi hulisoma, huhakikisha masharti, kisha hutoa vitu vitatu: faili la kichwa lenye thamani za kituo, orodha ya faili za C zinazohusika, na jedwali la miguu ya chipu inayounganishwa na kila kifaa. Baada ya hapo kompaila ya GCC inafanya kazi yake ya kawaida.

Uamuzi tuliobishana juu yake kwa siku nzima: tofauti zikae wapi? Njia iliyozoeleka ni `#ifdef`, amri za kuingiza au kuacha mistari fulani ndani ya msimbo, na tulikuwa nazo tele. Faili letu la mawasiliano lilikuwa na `#ifdef` zilizopandana ngazi nne. Hakuna aliyeweza kulisoma na kueleza kwa uhakika ni mstari upi unabaki kwa kituo kipi. Sasa kanuni ni kwamba sifa ni faili nzima. Laini ya simu ina faili lake, LoRa lake, "hakuna mawasiliano" nayo ina lake, na yote matatu yana kazi zenye majina yaleyale. Kizalishi huchagua moja. `#ifdef` zimebaki tisa, zote kwenye tabaka la chipu.

Mwenzangu aliuliza kwa nini tusiache kila kitu ndani, tukizime kwa thamani tu, maana STM32 ina flashi, kumbukumbu ya programu, ya kilobaiti 64 na nafasi ipo. Nikamkumbusha roketi ya Ulaya, Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 iliruka kutoka Kourou, na sekunde kama 40 baadaye ikaharibika angani. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilirithiwa kutoka Ariane 4. Namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, na kwa kuwa Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ikazidi 32,767 na kompyuta ikajizima. Sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuondoka ardhini. Iliachwa ikiendelea kwa sababu Ariane 4 ilikuwa inaihitaji. Kihesabu chetu nacho kilikuwa cha biti 16, kwa hiyo mezani hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Sifa isiyochaguliwa haiingii kwenye chipu. Tumemaliza.

Alhamisi, 20 Machi

Kanuni ya vihesabu, inayohitaji siku yake.

Mwaka jana kila mwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, alisikia kwamba mita lazima ziingizwe namba za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Chanzo chake ni ndugu wa kosa letu. Mita za mfumo wa STS, ambao LUKU nayo huutumia, hutambua kila tokeni kwa dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, na dakika hizo zimehifadhiwa kwa biti 24. Biti 24 hubeba dakika 16,777,216, kama miaka 32, na siku hiyo zilijaa. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao walijua tarehe miaka mingi kabla, wakajiandaa.

Kwa hiyo kila kihesabu katika msimbo wetu sasa lazima kitangazwe pamoja na kasi yake ya juu na muda ambao kinatakiwa kuishi bila kujaa. Kizalishi hupiga hesabu kwa chipu husika, na kikiona kitajaa mapema hukataa kuzalisha.

Kilikamata kitu siku hiyohiyo. Jumla ya maisha ya kilula tulikuwa tunaihifadhi kwa mapigo, biti 32. Tulidhani biti 32 ni bahari. Ni mapigo 4,294,967,296, yaani lita milioni tisa na nusu. Kilula kinachotoa lita 6,000 kwa siku kinazimaliza kwa miaka minne na miezi minne. Kilula chetu cha kwanza kina miaka mitatu. Jumla sasa inahifadhiwa kwa lita.

Jumatatu, 24 Machi

Tumezalisha na kukompaili lahaja zote 220. Kila moja inachukua kama sekunde sita, zote dakika 22. Nilikaa nikiangalia mistari ya kijani ikishuka, na sikuona haya kufurahi.

Jioni furaha ikapungua. Lahaja ya ATmega yenye laini ya simu, kadi ya malipo na skrini kwa pamoja ilikompailiwa bila onyo, tukaipakia kwenye bodi, ikafanya kazi dakika kumi na moja, ikaganda. Faili la ramani, linaloonyesha kila kitu kilivyokaa kwenye kumbukumbu, linaonyesha kwamba data za kudumu zimechukua baiti 1,790 kati ya 2,048. Zimebaki 258 kwa staki, sehemu ya RAM inayokua kila kazi inapoita nyingine, na kazi moja ya kupanga maneno ya SMS pekee inataka zaidi ya hapo. Staki ilishuka ikaandika juu ya data.

Kompaila haikukosea, imeambiwa tu mambo machache kuliko tunayoyajua. Kizalishi sasa husoma ramani baada ya kukompaili na kukataa lahaja yoyote ya ATmega inayozidi baiti 1,500 za data za kudumu. Mchanganyiko wa sifa hizo tatu umeandikwa kuwa sharti, na ujumbe wa kukataa unamwambia mtu afanye nini: "Toa skrini au tumia STM32." Lahaja nane zimeondoka. Zimebaki 212.

Jumatano, 2 Aprili

Kazi imerudi baada ya Idi.

Kukompaili zote kunawezekana, kuzijaribu zote kwenye bodi halisi hakuwezekani. Tuna meza moja na bodi nne. Tunachukua njia ya jozi: chagua lahaja chache kwa namna ambayo kila jozi ya sifa mbili zinazoruhusiwa pamoja inatokea angalau mara moja. Skripti imetoa lahaja 13. Kumi na tatu zinawezekana kwa wiki moja.

Ya sita imetulipa gharama yote. Laini ya simu peke yake ilikuwa nzuri. Pampu ya jua peke yake ilikuwa nzuri. Zikiwa pamoja, kifaa kilijiwasha upya mara mbili kwa siku na hesabu ya saa ile ikapotea. Fundi wetu wa saketi ndiye aliyeiona kwa kifaa cha kupimia mawimbi: moduli ya laini ya simu, SIM800L, inapotuma huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi. Katika vituo vya jua, betri moja ndogo ya volti 12 huendesha pia rilei ya pampu, swichi inayowashwa kwa umeme. Rilei ikishika wakati uleule moduli inatuma, volti inaporomoka na chipu inajizima.

Hakuna faili la kulaumu. Mawasiliano yameandikwa vizuri, pampu imeandikwa vizuri, na kasoro inaishi kwenye mkutano wao. Kwa hiyo tumeongeza aina mpya ya faili, tunaiita kiungo: huingia kwenye lahaja pale tu sifa mbili zilizotajwa zinapokutana. Kiungo hiki huzuia kutuma kwa sekunde tano baada ya rilei kushika, na huandika hesabu kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kabla ya kila kutuma. Vituo vya gridi na vya mserereko havibebi hata baiti moja ya msimbo huo.

Tumegundua kwamba vituo viwili vya jua vilivyoko kazini vimekuwa na tatizo hili tangu tulipovifunga. Nimewaandikia wahusika leo.

Jumatano, 9 Aprili

Kulinganisha na zamani. Kwa kila kituo kati ya 11 tumezalisha lahaja yake, tukailisha mapigo yaliyorekodiwa ya siku saba, na kulinganisha ripoti zake na za programu iliyoko kijijini. Nane zimetoa namba zilezile, isipokuwa kwenye bodi za ATmega zenye kihesabu cha zamani, ambako saa za foleni zimetoa namba kubwa zaidi, kama tulivyotarajia. Mbili zilitofautiana kwa sababu ya zile milisekunde 200 na 250. Imekuwa 250, na sababu imeandikwa. Moja ilikuwa na sifa ambayo mteja aliomba kwa simu mwaka 2023, ikaandikwa kwenye folda yake na kusahauliwa kila mahali pengine: bei tofauti siku ya mnada. Imeingizwa kama thamani ya kituo kile, bila kuongeza tawi kwenye mti.

Kitu kingine kilichoongezwa wiki hii, kidogo kwa msimbo lakini mimi nakithamini kuliko vyote. Kila lahaja inabeba maelezo yake yenyewe. Ukishika kitufe sekunde tano, au ukituma SMS yenye neno HALI, kifaa hujibu sifa zake zote na alama ya herufi nane inayotokana na faili lake la YAML na msimbo uliotumika. Kwa alama hiyo naweza kuzalisha upya programu ileile, baiti kwa baiti. Zamani fundi akinipigia kutoka shambani, swali la kwanza lilikuwa "una folda gani?", na jibu lilikuwa kukisia.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvomero. Masika yameshika, gari limeishia kwenye kivuko, tumetembea kilomita tatu na boksi la vifaa kichwani.

Mama wa kilula alikuwa kazini. Tukamsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni." Barua ilisomwa mwezi uliopita na posho yake ililipwa, hilo mwenyekiti alinithibitishia. Lakini nilitaka kumwambia mwenyewe. Nikamweleza kwamba kifaa kilikuwa na kikombe kidogo cha kuhesabia. Kikijaa kilikuwa kinamwaga yote na kuanza upya, wala hakikumwambia mtu.

Akasikiliza hadi mwisho. "Mimi nilikuwa naandika ndoo zangu," akasema, akaingia ndani ya kibanda, akatoka na daftari la shule. Mistari mitanomitano, kila siku, tangu Januari. "Niliwapelekea. Wakasema daftari linaandikwa na mtu, mashine haina sababu ya kudanganya."

Nimepiga picha kurasa zote kwa ruhusa yake. Namba zake zinakaa ndani ya ndoo mbili za mita ya bomba kwa karibu kila siku. Zimekuwa sehemu ya majaribio yetu: kila lahaja ya ATmega sasa inalishwa asubuhi zake za Februari kabla ya kuruhusiwa kutoka ofisini.

Tumepakia programu mpya kwa dakika nne. Nikamwonyesha kitufe cha kushika sekunde tano. Akakishika, skrini ikaorodhesha: ATMEGA, LORA, VITUFE, SKRINI, MSEREREKO. Akazisoma kwa sauti, akauliza mserereko mashine imejuaje. Nikamwambia tumeiandikia.

Mwenyekiti naye alikuja. Ameomba kitu ambacho hatukuwa nacho kwenye mti: mhudumu aweze kuweka hesabu yake ya ndoo kwa vitufe kila jioni, itumwe pamoja na ya kihisi, na zikiachana sana kamati ipewe taarifa ya kwenda kukagua kihisi. Mama akaongeza: "Na mimi nipewe." Nimeandika zote mbili.

Jumatano, 23 Aprili

Sifa mpya imeingia, jina lake "daftari". Sharti: inahitaji vitufe, na inahitaji laini ya simu au LoRa. Mti umehesabiwa upya. Vitufe ni chaguo moja tu la malipo, na kituo kisicho na mawasiliano hakiwezi kuibeba, hivyo lahaja zimeongezeka 40, kutoka 212 hadi 252. Zote zimekompailiwa usiku. Katika ATmega inakula baiti 96 za RAM na bado tuko chini ya 1,500 kwenye kila moja.

Vituo saba kati ya 11 vimeshapata programu mpya. Vinne vinasubiri barabara ikauke. Folda za zamani nimezifunga zisiandikike. `Kilosa_sahihi` ilikuwa ya mwisho.

Ripoti ya leo kutoka Mvomero, kilula cha pili, saa 12 hadi saa 1 asubuhi: lita 618. Nilimpigia mama kumwuliza ana ngapi kwenye daftari lake. Thelathini na moja.

Kinachofuata: faili za YAML za vituo viwili vya Gairo, na kuandaa bodi ya tano ya meza ya majaribio.